Waliozifundisha Mahakama Kusikiliza: Simulizi za Haki Kutoka Chini ya Mlima Meru



Najua wengi wenu mko mbioni. Kuna anayetafuta kitambaa cha shela, kuna anayepanga siku ya hina, kuna anayehesabu wageni kila usiku na kila asubuhi wanakuta wameongezeka. Leo naomba tuweke hayo pembeni kidogo, tuzungumze kuhusu mahakama. Msishtuke. Sikusudii kumtia bi harusi mkosi. Nikahi ni mkataba, na mkataba ni jambo la sheria, kwa hiyo siku unapoolewa unaingia katika sheria ukitaka usitake. Ni vyema ukajua ni watu gani walioifanya sheria hiyo imsikilize mtu kama wewe.

Mimi naishi Akheri, chini ya Mlima Meru, njia ya kupanda kutoka Tengeru. Wenzetu wa visiwani wanaijua Arusha kwa watalii, mbuga na baridi. Wachache wanajua kwamba huu ni mji wa mahakama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapa. Na kwa miaka 20 hivi ilikuwepo hapa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kabla ya hizo zote, wazee wa Kimeru walikuwa wamekwishapeleka shauri lao mbali kuliko alivyowahi kwenda mtu yeyote wa Tanganyika.

Nikisoma habari hizi, naona kitu kimoja kinajirudia. Sheria haikubadilika kwa sababu vitabu viliongezwa. Ilibadilika pale mwanasheria mmoja, au jaji mmoja, alipokubali kumsikiliza mtu ambaye wenzake walimwona hana la kusema.

Mwanamke aliyesikika mbinguni

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Katika Qur'ani ipo sura nzima inayoitwa Al-Mujadila, yaani mwanamke anayejadiliana. Mwanamke huyo ni Khawla bint Tha'laba, radhi za Allah ziwe juu yake. Mumewe, Aws bin Samit, alimwambia kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Hayo yalikuwa maneno ya zama za ujahilia. Mume akiyatamka, mke hakuwa mke tena, wala hakuwa huru kuolewa kwingine. Alibaki akining'inia.

Khawla hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, akaeleza shida yake na akarudia kuieleza. Bibi Aisha amesimulia kuwa yeye alikuwa ndani ya nyumba ile ile na baadhi ya maneno ya mwanamke yule hakuyasikia, lakini Mola wake aliyasikia yote. Aya zikashuka. Desturi ile ikalaaniwa, na mume akawekewa kafara kabla ya kumrudia mkewe.

Imesimuliwa pia kwamba miaka mingi baadaye, Sayyidna Umar akiwa khalifa, bibi huyo alimsimamisha njiani akazungumza naye kwa muda mrefu. Waliokuwa naye wakaona anapotezewa wakati. Umar akawajibu kuwa hawezi kuacha kumsikiliza mwanamke ambaye Mwenyezi Mungu amemsikiliza kutoka juu ya mbingu saba.

Shikeni habari hiyo, dada zangu, kwa sababu ndiyo mizani nitakayoitumia katika yote yanayofuata. Kiongozi mkubwa wa dola amesimama juani na anamsikiliza bibi kizee.

Wameru na wakili kutoka ng'ambo ya bahari

Turudi Meru. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Uingereza ilitawala, lakini kwa jina ilikuwa mdhamini tu, mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze. Miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuangalia ardhi ya Arusha na Moshi. Tume ikapendekeza eneo lililo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi wa Kizungu, mfululizo, bila Waafrika katikati yao.

Katikati hapo ndipo ilipokuwa Engare Nanyuki, ambayo leo tunaiita Ngarenanyuki. Wameru walikuwa wakilima na kuchunga huko. Wakaambiwa wahamie King'ori na watalipwa fidia. Wakakataa kuhama, na wakaikataa fidia. Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikateketezwa.

Kwa desturi ya wakati ule, habari ingeishia hapo. Mahakama za wenyeji hazikuwa na mawakili, na gavana akishaamua jambo la ardhi, raia wa kawaida hakuwa na pa kwenda. Chuo cha sheria nchini hakikuwepo. Kitivo cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa 14 tu.

Lakini pale Moshi alikuwepo wakili mmoja mweusi, Earle Seaton. Alizaliwa Bermuda, kisiwa kidogo cha bahari ya Atlantiki, mwaka 1924. Yeye pia ni mtoto wa kisiwani kama ninyi. Seaton aliwasikiliza Wameru, kisha akafanya jambo ambalo mawakili wa hapa hawakulizoea. Aliacha kuitazama kesi kwa macho ya sheria za mkoloni peke yake, akauliza swali la fundi mzuri: mkataba mkuu unasemaje? Mkataba wa udhamini ulikuwa unawapa wakazi wa nchi haki ya kupeleka malalamiko yao moja kwa moja Umoja wa Mataifa. Haki hiyo ilikuwa imeandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuitumia.

Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, hadi New York. Yeye na Seaton wakasimama mbele ya Baraza la Udhamini wakaeleza yaliyotokea Engare Nanyuki. Fikiria, mkulima kutoka mteremko wa Meru amekaa chumba kimoja na wajumbe wa mataifa, na Uingereza inalazimika kumjibu.

Je, walishinda? Hapa lazima tuseme ukweli wote. Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko tu. Shauri likafika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko wengi wakawaunga mkono Wameru. Lilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu lenyewe, halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kwa karatasi, walishindwa.

Kwa mambo yaliyofuata, tuhukumu wenyewe. Kirilo alirudi nyumbani mwaka 1953 akazunguka nchi akieleza alichokiona na kukifanya. Mwaka mmoja baadaye ikazaliwa TANU, ikiwakuta watu ambao tayari wamesikia kwamba serikali ya mkoloni inaweza kushtakiwa. Baada ya muda ardhi ile ilirudi kwa Wameru. Seaton naye akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, kisha akahukumu kwao Bermuda na baadaye Shelisheli. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walitoa kitabu pamoja kuhusu kesi ile. Angalieni jambo hilo: wakili na mteja wake, majina mawili kwenye jalada moja.

Hilo kwangu ndilo badiliko lenyewe. Wakili wa zamani alimsemea mteja. Seaton alisimama na mteja wake, na mteja akasema mwenyewe.

Bi Hawa na hesabu ya kazi za nyumbani

Simulizi ya pili ni ya Dar es Salaam, lakini nataka kila bi harusi aijue, kwa sababu inatuhusu sisi zaidi ya zote.

Bi Hawa Mohamed aliolewa na Ally Sefu mwaka 1971, mwaka ule ule Tanzania Bara ilipotunga Sheria ya Ndoa. Mwaka 1980 wakaachana. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani, hana mshahara. Akadai sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Sheria ilisema mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Swali likawa: mwanamke aliyepika, akafua, akalea na akatunza nyumba, amechuma nini? Mahakama za chini zikaona hana kitu.

Mwaka 1983 shauri likafika Mahakama ya Rufani, mbele ya jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Jopo likaamua jambo lililobadilisha kazi ya kila wakili wa ndoa nchini mpaka leo: juhudi za pamoja ni pamoja na kazi za nyumbani. Mume anayekwenda kazini akiwa ameshiba, nguo safi, watoto wako salama, hachumi peke yake.

Wengi husimulia mpaka hapo wakapiga vigelegele. Lakini ipo sehemu ya pili. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama ilikuta kwamba katika ndoa yao mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzishia mradi wa familia, na fedha zile hazikufanya kazi iliyokusudiwa. Ikahesabiwa kwamba alichostahili alikwishakipata. Yeye alitufungulia mlango, akabaki nje. Maelfu ya wanawake wamepita mlango huo baada yake.

Najua kuna dada atakayesema: sisi tuna dini yetu, na mali ya mke katika Uislamu ni yake na ya mume ni yake. Ni kweli kabisa, na hiyo ni heshima ambayo wanawake wa Uingereza waliipata kwa sheria karne ya 19 tu, wakati sisi tulikuwa nayo tangu Madina. Qur'ani imesema wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Lakini ili fungu lako lijulikane, lazima kwanza ijulikane ni lipi. Ukichanganya fedha zako za biashara kwenye matofali ya nyumba yenye jina la mwingine, bila karatasi wala shahidi, si kadhi wala hakimu atakayeota ndoto akakujua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kituo cha Profesa Haroub

Visiwani kwenu kulikuwa na shida ya namna nyingine. Mahakama ya Kadhi ilikuwepo, na wanawake walikuwa wakienda kwa mashauri ya matunzo na talaka. Wengi walifika wakiwa peke yao, hawajui waanze wapi, hawajui karatasi gani inatakiwa, na mawakili walikuwa wa kuhesabu, tena wa mjini na wa bei.

Mwaka 1992 Profesa Haroub Othman, mtoto wa Unguja aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Profesa Chris Maina Peter, walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Msaada wa bure kwa wasio na uwezo ulikuwa mwanzo tu. Jambo kubwa walilolifanya ni kuwafundisha watu wa kawaida misingi ya sheria: walimu, wakulima, akina mama. Watu hao wakawa wasaidizi wa sheria Unguja na Pemba. Mwanamke wa shamba asiyeweza kulipa nauli ya kwenda mjini akapata jirani wa kumwandikia barua na kumweleza ngazi za rufaa.

Wapo wanasheria waliosikitika wakisema sheria inatolewa mikononi mwa wataalamu. Mimi ni fundi cherehani, na nalijua jambo hili kwa upande wa ufundi. Mtu akijua kupima na kukata vazi lake la kawaida, fundi hakosi kazi. Anapata mteja anayejua anachokitaka. Wakati Profesa Haroub anafariki, mwaka 2009, wazo lake lilikuwa limeshika. Mwaka 2017 Bara ikatunga sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi hao rasmi, na Zanzibar ikafuata na ya kwake mwaka 2018. Mwaka huo wa 2017 pia Zanzibar ilipata sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi badala ya ile ya mwaka 1985. Na tangu mwaka 2003 ipo Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, ambayo ni ya wanawake wenzetu waliosoma sheria na wakaamua kukaa upande wetu wa meza.

Jaji mmoja mwanamke, na swali ambalo halikuulizwa

Sasa turudi Arusha, kwa simulizi nzito kuliko zote. Mwenye moyo mwepesi leo aisome polepole.

Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu na kuiweka hapa mjini, katika jengo la AICC. Mmoja wa washtakiwa wa kwanza alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Alikamatwa Zambia mwaka 1995. Kesi yake ilipoanza Januari 1997, mashtaka yalihusu mauaji na mateso. Kuhusu wanawake waliobakwa katika ofisi za mji alioungoza yeye, hati haikuwa na hata neno moja.

Jopo lilikuwa na majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal aliyekuwa mwenyekiti, Lennart Aspegren wa Sweden, na mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Pillay alizaliwa Durban mwaka 1941, baba yake dereva wa basi, mtoto wa Kihindi katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Alipomaliza sheria hakuna ofisi iliyomtaka, kwa kuwa Mzungu asingekubali kupokea maagizo kutoka kwa mtu asiye Mzungu. Mwaka 1967 akafungua ofisi yake mwenyewe, mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kufanya hivyo katika jimbo la Natal. Mtu aliyefungiwa milango hivyo anajua sauti ya anayebisha hodi.

Mwezi ule ule wa Januari, mama mmoja wa Kinyarwanda aliitwa kutoa ushahidi wa mauaji. Jina lake lilifichwa, anajulikana kwa herufi J tu. Katikati ya maelezo yake akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu. Hakuulizwa hilo na waendesha mashtaka, lilimtoka. Jaji Pillay hakuliacha lipite. Akauliza zaidi. Baadaye akaja shahidi mwingine, naye akasema. Ikaonekana wazi kwamba wanawake walikuwa nayo maneno tangu mwanzo, ila hakuna aliyewauliza.

Juni 1997 waendesha mashtaka wakabadilisha hati yao na kuongeza makosa ya udhalilishaji wa kijinsia. Wanawake wakasafiri kutoka Rwanda hadi Arusha, wakakaa nyuma ya pazia, wakayasema yale ambayo mila zao, kama zetu, zinafundisha kuyafukia. Tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ikasomwa. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza ilisema kubaka kunaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Mwezi mmoja baadaye Akayesu alihukumiwa kifungo cha maisha.

Ndani ya hukumu ile kuna jambo ambalo kila mwanamke angepaswa kulijua. Majaji walisema kulazimishwa hakuhitaji kuthibitishwa kwa alama za kupigwa. Vitisho, hofu na mazingira ya kubanwa vinatosha. Kwa karne nyingi mwanamke aliulizwa: mbona hukupiga kelele, mbona hukupigana? Mjini Arusha swali likageuzwa, akaulizwa aliyetenda.

Tusijidanganye kuwa hukumu iliwarudishia wanawake wale walichopotelewa. Wengine walirudi kwenye upweke na maradhi. Lakini tangu siku ile, mwendesha mashtaka wa vita yoyote duniani akiandika hati bila kuwauliza wanawake, anajua ameacha kazi nusu.

Lugha ya mama mahakamani

Simulizi ya mwisho ni ya karibuni. Mahakama zetu za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na vivyo hivyo kwa makadhi. Lakini ukipanda juu, hukumu za Mahakama Kuu na Rufani kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu angeshinda au kushindwa kesi ya shamba lake, kisha amtafute wa kumsomea.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika kwa Kiswahili hukumu ya kesi iliyouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 1 Februari mwaka huo, Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimsifu mbele ya watu mjini Dodoma na kumpandisha kuwa jaji wa Rufani. Mwezi huo huo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi haijaisha, maana sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ni nyingi na kuzitafsiri kunachukua muda. Lakini jaji yule aliamua kwamba mwenye kesi aielewe hukumu yake, na hilo lilitosha kuamsha wengine.

Na hapa Arusha, mwaka 2021 huo huo, Jaji Imani Daud Aboud, Mtanzania mwenzetu, alichaguliwa kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kiti cha juu kabisa cha haki cha bara zima kilikaliwa na mwanamke wa nchi hii. Kirilo alilazimika kuvuka bahari mbili ili asikilizwe. Mjukuu wa Kirilo hupanda daladala.

Haya yanamhusu nini bi harusi?

Yanamhusu sana. Katika kazi yangu nawaona wasichana wanaokuja kupimwa mara tatu, wanabishana kuhusu upana wa mkono wa gauni na rangi ya shanga, na hilo ni haki yao. Ukimuuliza mahari yake ni kiasi gani, anasema baba anajua. Ukimuuliza ameweka sharti gani, anacheka. Gauni analolivaa siku moja amelikagua mshono kwa mshono. Mkataba atakaoishi nao amemwachia mwingine.

Seaton aliwasaidia Wameru kwa sababu alisoma kilichoandikwa. Nawe anza hapo. Soma cheti cha ndoa kabla ya kutia saini, hakikisha mahari yameandikwa kiasi chake, na yaliyolipwa na yaliyobaki yatajwe. Mahari ni yako, Qur'ani imeamrisha upewe kwa moyo safi. Ukitaka sharti, kama kumaliza masomo au kuendelea na biashara yako, lisemwe kabla ya nikahi na liandikwe. Mtume, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kwamba masharti yanayostahili zaidi kutimizwa ni yale ambayo kwayo ndoa imehalalishwa. Kuuliza mapema si kukosa adabu.

Bi Hawa alitufundisha daftari. Andika ulichochangia, weka risiti, mshirikishe shahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Mola wetu angejua kwamba upendo unatosha bila kalamu, asingetuamrisha hivyo. Kuandika hakumtuhumu mume. Kunawalinda nyote wawili dhidi ya usahaulifu, na dhidi ya ndugu watakaokuja kugombania baada ya mmoja wenu kutangulia.

Profesa Haroub alitufundisha kwamba msaada upo karibu. Mjue msaidizi wa sheria wa shehia yako au kata yako kabla hujamhitaji, kama unavyomjua mkunga kabla ya uchungu.

Na mama yule wa herufi J alitufundisha jambo gumu kuliko yote. Stara ni pambo la Muislamu, na siri za ndoa ni amana. Lakini stara haikuwekwa ili mwenye kudhulumu ajifiche ndani yake. Khawla hakuvunja stara alipokwenda kumlalamikia mumewe. Alikwenda mahali panapostahili, kwa mtu anayestahili, akasema kwa adabu, na Mwenyezi Mungu akamsikia.

Tumuombe Allah azijaalie nyumba zetu utulivu, tusiwe na haja ya kupanda ngazi za mahakama. Na atakayelazimika kuzipanda, amkutanishe na mtu atakayesimama juani amsikilize.

Wabillahi tawfiq.